Kisahani cha Pembeni

Mapenzi hayana adabu. Yalimtoa Sabika kitandani Jumapili asubuhi kabla simu yake haijaadhini, yakamteremsha jikoni kwa mama yake huko Markham, nje kidogo ya Toronto, yakamsimamisha mbele ya jiko kupika chakula ambacho hakuwahi kukionja maishani. Wali mweupe usio na chumvi, supu ya miso, ule uji mzito wa soya iliyochachushwa, samaki wa kuchoma, mayai ya kukunja na figili za siki. Kifungua kinywa cha Kijapani, tena cha nyumbani, kwa ajili ya mwanamume mmoja aliyekuwa akikitaja kila walipokutana.

Reza alikuwa ameishi Nagoya miaka mingi, akimnunulia mjomba wake magari yaliyotumika na kuyasafirisha Dar es Salaam. Kisha akaja Toronto, akakutana na Sabika nje ya msikiti, wote wawili wakikwangua barafu kwenye vioo vya magari yao. Alimwomba amwazime kikwanguo. Tangu siku ile Sabika alijikuta anakizungumza tena Kiswahili cha utotoni mwake, Kiswahili alichokuwa akikisikia kwa mama tu na kukijibu kwa Kiingereza. Akiwa na Reza maneno yalikuja yenyewe. Sasa posa ilishapelekwa na kukubaliwa, na nikaha ilikuwa mwezi ujao.

Kupika kwenyewe kulitaka akili, maana mishahara yao yote miwili ilikuwa inamezwa na ukumbi wa harusi. Sabika alikuwa karani wa mapokezi kwa daktari wa meno Richmond Hill, na kila akitoka kazini alikuwa akipita kwenye soko la Wachina kutafuta vya bei ya chini. Badala ya minofu ya salmoni alichukua vipande vya tumbo na vya karibu na kichwa, ambavyo wengine huviruka. Alimchunguza samaki ana magamba, maana kwao Mashia asiye na magamba haliwi. Alisimama mbele ya rafu ya miso akisoma pakiti moja baada ya nyingine, mpaka akapata isiyotiwa pombe. Figili ndefu nyeupe aliinunua na majani yake, kwa kuwa zilizokatwa majani zilikuwa ghali zaidi. Usiku alikuwa akitazama video za akina mama wa Kijapani, akijifunza kukunja yai kwenye kikaango cha chapati.

Parveen, mama yake, alikuwa hoi kwa mshangao. Mama mkwe ametoka Dar juzi, alisema, anakuja kula kwetu mara ya kwanza, nawe unamwekea wali mtupu asubuhi kama mgonjwa? Yeye alikuwa ameloweka mbaazi na kukanda unga wa mahamri tangu jana, liwalo na liwe. Sabika alimbusu shavuni na kumwambia mahamri yawepo, lakini leo ni siku ya Reza.

Walifika mapema, Reza na mama yake, Bi Sughra, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole ambaye tangu atue uwanja wa ndege hakuacha kumsifu Sabika. Alimsifu kiasi kwamba Parveen alianza kuona haya. Alisema amemwomba Mungu amtoe mwanawe upwekeni, na Mungu hakumpa mke tu, amempa lulu. Akaketi sebuleni na Parveen, chai ya maziwa mkononi, wakaanza kuulizana habari za watu wa Upanga, kule Dar.

Reza hakukaa. Alifuata harufu mpaka jikoni, akasimama mlangoni. Alitazama bakuli, sufuria, samaki kwenye tanuri, na macho yake yakajaa machozi. Sabika alidhani ni furaha. Moyo wake ulimpiga kwa fahari, akajisemea kwamba usingizi wote alioukosa umelipwa.

"Umefanya haya yote peke yako?" Reza aliuliza.

"Kwani hapa unamwona nani mwingine?"

Alicheka, akamsogelea, lakini si karibu sana, kwa kuwa mama zao walikuwa chumba cha pili. Harufu ya manukato yake ilichanganyika na ya soya. Sabika aligeuka haraka asije akaonekana anavyoyeyuka, akachukua chujio lililokuwa na samaki mkavu aliyekwanguliwa mwembamba kama maranda ya seremala, yule aliyetoa supu, akataka kumwaga kwenye pipa.

"Usitupe," Reza alisema.

"Si ameshatoa supu? Hana ladha tena."

"Anayo. Unamkaanga na soya na sukari kidogo mpaka akauke, unamnyunyizia kwenye wali. Anakaa wiki nzima. Na majani ya figili usitupe pia, yakatekate, yatie chumvi." Alikuwa ameshakunja mikono ya shati. "Maji ya mchele umeyaweka wapi? Figili huchemshwa kwa maji ya mchele, uchungu wote unatoka."

Alikuwa tayari ameshika kisu. Alikatakata majani bila kuyatazama, akakaanga yale machujo, akapunguza moto kwa kidole kimoja, akafuta meza alipomwagia. Sabika alisimama kando kama mgeni katika jiko la kwao. Alicheka, akamuuliza ni mkahawa gani duniani unaomfundisha mteja kubana matumizi hivyo, kwa maana Reza alikuwa amemwambia daima kwamba kule alikula kwenye kimkahawa karibu na kituo cha treni. Reza aligeuza machujo kikaangoni, kisha akasema mwenye mkahawa alikuwa bibi kizee mpenda maneno. Sabika akaamini. Aliyependa huamini upesi.

Walikaa mezani wanne. Parveen na Bi Sughra upande mmoja, na mahamri yao kama silaha mbele yao. Sabika na Reza upande wa pili, na kushoto kwa Reza kiti kitupu ambacho marehemu Ghulamabbas, baba yake Sabika, alikuwa akikikalia. Bi Sughra alionja supu, akasema ni tamu, akakiweka kijiko chini na hakukigusa tena. Parveen alimega yai, akalazimika kukubali kwamba si baya.

Reza ndiye aliyekula. Alikula kama mtu aliyerudi nyumbani, bega lake limeshuka, uso umelegea. Alikuwa akimweleza Parveen habari za minada ya magari, namna wanunuzi wanavyobonyeza kitufe na gari kuuzwa kabla hujapepesa macho, na huku akisimulia mikono yake ilikuwa inafanya kazi nyingine. Kwa ncha za vijiti alimpasua samaki, akautoa mwiba mmoja, kisha mwingine, kisha ile midogo isiyoonekana, akiipapasa nyama kwa kidole kuhakikisha. Aliisagasaga nyama laini akaiweka kwenye kisahani.

Sabika alimtazama kwa pembe ya jicho, na mashavu yakapamba moto. Ananitolea miiba, aliwaza. Mbele ya mama yangu na mama yake, ananitolea miiba.

Reza aliendelea kusimulia. Alichota wali kwa vidole vilivyolowa maji, akaufinyanga kitonge, akauzungushia ukanda wa mwani. Kitonge kilikuwa kidogo kupita kiasi, kama kokwa ya embe ndogo, kisichomtosha hata Sabika kwa tonge moja. Akafanya cha pili. Akavipanga juu ya kisahani pamoja na samaki na kipande cha yai alichokikata mara nne. Halafu, bila kuikatiza hadithi yake, akakisukuma kile kisahani upande wa kushoto, mbele ya kiti kitupu, na akakivuta kikombe chake cha chai mbali na ukingo wa meza ili kisifikiwe.

Tabasamu la Sabika lilibaki usoni kwa sababu lilikosa pa kwenda.

"Reza," alisema, "hicho cha nani?"

Reza aligeuka akakitazama kisahani. Aliona alichokifanya, na damu ikamtoka usoni mpaka midomoni. Hadithi ya mnada ilikatika katikati.

Bi Sughra alikuwa mwepesi kuliko mwanawe. Alisema si cha mtu, Reza tangu utotoni ana tabia ya kuchezea chakula, hebu kula mwanangu. Lakini alikiinua kikombe kwa haraka mno, na chai ikamwagikia kitambaa cha meza. Kisha, kwa sauti ya chini aliyodhani haitasikika, akamwambia Reza, "Nilikwambia vya kule uviache kule."

"Vya kule vipi, dada?" Parveen aliuliza.

Bi Sughra alianza kupangusa kitambaa. Sabika alikuwa ameganda. Mambo yaliyokuwa yametawanyika kichwani mwake yalianza kukutana, moja baada ya jingine, naye hakuweza kuyazuia: majani ya figili, maji ya mchele, machujo yanayokaa wiki nzima. Mkahawa hauhesabu majani ya figili. Hiyo ni nyumba. Ni mwanamke anayebana senti kwa ajili ya watu wake, na mwanamume anayesimama kando yake akimsaidia.

"Ana umri gani?" aliuliza.

Parveen aliduwaa. "Nani?"

"Muulize Reza, Mama. Mtu mzima hatolewi miiba."

Nje jirani alikuwa anaburuta mapipa ya taka barabarani. Reza aliweka mikono yote miwili juu ya meza kama mtuhumiwa.

"Mitano," alisema. "Ni msichana."

Sabika hakulia. Wasomaji wa mapenzi hudhani mtu akipigwa pigo kama hili huanguka au hupiga yowe. Yeye alihisi baridi tu, na sauti za watu zikawa zinatoka mbali. Alisikia maelezo ya Reza kama anasikiliza redio ya chumba cha jirani. Mwanamke aliitwa Kaori, alikuwa akifanya kazi ofisini kwenye uwanja wa minada. Alisilimu, wakafunga ndoa ya mutaa, ile ya muda maalumu, wakawa wanaihuisha kila muda ulipokwisha. Kisha mama yake Reza akamtaka arudi kwa watu wake, aoe kwa watu wake, na muda ulipokwisha safari ile hawakuuhuisha tena. Hakumpenda Kaori kama anavyompenda Sabika, alisema. Yale yalikuwa mambo ya upweke.

Bi Sughra alipata nguvu. Alisema hakuna haramu iliyotendeka hapa, ndoa ilikuwa na masharti yake na ilikwisha kwa masharti yake, na mtoto anatumiwa matumizi yake kila mwezi. Kwa nini kuchimba jambo lililozikwa? Mwanamume gani leo hana la nyuma?

"Anti, sijauliza habari za haramu," Sabika alisema taratibu. "Mke wa zamani ningemmeza. Ningelia siku kadhaa, basi. Lakini nilikuuliza, Reza. Siku ile garini, kabla hujaleta posa, nilikuuliza kama kuna jambo la Nagoya ambalo napaswa kulijua. Ukasema kuna baridi na magari."

Reza aliinamisha kichwa.

"Mtoto jina lake nani?"

Reza aligeuka. Alimtazama mama yake, na katika kutazama kule kulikuwa na hofu na kitu kingine, kama deni la zamani.

"Sughra," alisema.

Bi Sughra alishtuka. Ilikuwa wazi kwa kila mtu mezani kwamba hakujua. Akashika kifua. "Hukuniambia," alisema hatimaye.

"Nilikupigia siku aliyozaliwa, Mama. Nilitaka kukwambia nimempa jina lako. Ukasema nisikutajie."

Parveen, ambaye hakuzoea kuingilia ugomvi wa watu, alikuwa anatikisa kichwa polepole. "Ya Ali," alisema. "Dada, wewe umebeba jina la yule binti wa Imamu aliyeachwa Madina, baba kaondoka, yeye kabaki kusubiri. Kila Muharram tunakaa pamoja msikitini tunamlilia yule mtoto. Na wa kwetu tumemfanyia hivyo hivyo kwa mikono yetu?"

Bi Sughra alijifunika uso kwa dupata, mtandio aliojitanda.

Reza aligeuka kwa Sabika, akataka kuushika mkono wake, akauacha njiani. Alisema maneno ambayo siku nyingine yangemfanya Sabika asahau hata njia ya kwenda kazini. Alisema hajawahi kupenda hivi. Alisema alinyamaza kwa kuogopa kumpoteza, na kila siku iliyopita iliifanya kesho iwe ngumu zaidi. Alisema atafanya chochote. Macho yake yalikuwa mekundu, na ubaya wake ni kwamba yalikuwa ya kweli. Sabika aliyaamini yale macho. Huo ndio uliokuwa msiba wake: alikuwa bado anampenda, na moyo wake ulikuwa unazungukazunguka kutafuta mlango wa kumsamehe.

"Mpigie," alisema.

"Sasa hivi?"

"Huko ni usiku, hajalala bado. Mpigie nimwone, naye anione. Nikimwona labda nitajua kama naweza kuwa mkeo."

Reza alisita, kisha akatoa simu mfukoni. Simu iliita, ikaita, kisha ikatokea sura ya mtoto mwenye nywele mbichi za kuogeshwa, mashavu mapana, na paji la uso lile lile la Bi Sughra, kama limenakiliwa. Mtoto alipiga kelele ya furaha. "Papa!"

Alikuwa mzuri. Sabika alihisi kitu kinalegea ndani yake bila kuombwa ruhusa. Nitampenda huyu, aliwaza kwa mshangao. Nitampikia. Nitamtolea miiba mimi.

Mtoto alikuwa anaongea mfululizo, ananyoosha kidole kwenye kioo, ameona meza. Sabika alishika neno moja, lile la kifungua kinywa, alilolisikia kwenye video zote. Mtoto aliuliza kitu, akainamisha kichwa upande akingoja jibu. Bi Sughra alikuwa ameuondoa ule mtandio usoni, amekuja kusimama nyuma ya bega la Reza, na anaitazama simu bila kupepesa.

Hapo Sabika aliona. Reza aliusogeza mkono wake kidogo, kidogo sana, akainamisha simu. Kwenye kile kipicha cha pembeni kilichokuwa kikiwaonyesha wao, Sabika alijiona yupo: bega, sikio, kishungi cha hijabu ya waridi aliyoichagua kwa ajili ya siku hii. Kisha bega likaondoka. Kisha sikio. Wakabaki Reza na mama yake peke yao, na Reza akajibu kwa Kijapani kifupi, akitabasamu.

"Amekuuliza nini?" Sabika alisema.

"Habari tu."

"Reza. Amekuuliza nini, na umemjibu nini?"

Reza aliitazama meza. "Ameuliza nani amepika."

"Ukamwambia?"

"Nimemwambia ni bibi yake." Alisema haraka, akataka kueleza, kwamba mtoto bado mdogo, kwamba Kaori huenda yuko karibu anasikia, kwamba kule bado hajawaambia, alikuwa anangoja nafasi nzuri, baada ya nikaha, baada ya mambo kutulia.

Kumbe. Huku alikuwa amemficha mtoto, na kule alikuwa amemficha yeye. Sabika alikaa na hilo. Mshtuko wa kwanza ulikuwa wa mtu aliyeibiwa. Huu wa pili ulikuwa wa mtu anayejua kwamba mwizi hajamaliza, na hatamaliza, kwa sababu hajui njia nyingine ya kuishi. Kesho Reza akimkasirikia, yeye atafichwa wapi?

Kwenye simu mtoto alikuwa ameweka viganja pamoja na kumwinamia bibi aliyekuwa anamwona kwa mara ya kwanza, akisema kitu kwa heshima. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa kwamba anamshukuru kwa kumlisha baba yake. Bi Sughra aliinyakua simu kwa mikono miwili, machozi yanamdondoka kidevuni.

"Si mimi, mama," alimwambia mtoto kwa Kiswahili, lugha asiyoijua. "Si mimi niliyepika, mjukuu wangu." Akamgeukia mwanawe. "Mwambie. Mimi nimekuharibu vya kutosha. Mwambie mtoto ukweli."

"Mwambie," Sabika alisema, na sauti yake haikutetemeka, jambo lililomshangaza mwenyewe. "Mwambie aliyepika anaitwa Sabika. Mwezi ujao angekuwa mke wa baba yake, na angempenda. Tafsiri, Reza."

Reza alimtazama Sabika, akaitazama simu mikononi mwa mama yake. Midomo ilicheza. Mtoto aliacha kutabasamu, akauliza, "Papa?"

Sabika alimsubiri. Alimpa muda wote ambao mwanamke anayependa anaweza kumpa mwanamume, na muda mwingine juu yake. Mtoto akaita tena.

Reza hakutafsiri.

Kwa watu wao mgeni haondolewi sahani kabla hajasema mwenyewe alhamdulillahi. Hata adui akikaa mezani huachwa ashibe. Parveen alimfundisha bintiye hilo kabla hajamfundisha kusoma, na ndiyo maana aliposimama Sabika, mama yake alielewa kabla ya wote, akainamisha macho. Sabika alilichukua bakuli la supu la Reza likiwa bado nusu. Akaliweka juu ya sahani yake ya samaki. Akavichomoa vijiti kutoka kwenye vidole vya Reza, aliyekuwa ameviokota tena bila kujua, taratibu, kama mtu anayemchukulia mtoto kisu, akaenda navyo kwenye sinki na kufungulia maji.